Kutambulikana kwa Ndege wa Samawati wa Ugogo

Mambo makubwa ya nchi huandikwa na wengi. Mambo madogo huachwa yajiandike yenyewe, na kwa kuwa hayana mikono hayaandikwi. Misafara ya Ugogo, njaa zake, reli yake na kufanywa kwa Dodoma makao makuu ya nchi, yote hayo yamepata vitabu vyake. Ndege mdogo wa samawati aokotaye mbegu za nyasi nyuma ya nyumba hana kitabu kwa Kiswahili, ingawa historia ya kutambulikana kwake ni ndefu kuliko ya reli, na imepita London, Paris, Uswidi, Washington na Berlin kabla ya kufika kwetu. Nataka kuisimulia historia hiyo katika kurasa hizi, kwa sababu ndani yake mna somo juu ya namna watu wanavyopata kukijua kitu na namna wanavyokosea. Kosa la namna hiyo, kama nitakavyoonyesha baadaye, halikuishia vitabuni.

Nianze na nilichokiona mwenyewe. Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, nilikuwa Chamwino, mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro. Uwele ulikuwa umekomaa na mtama ulikuwa unafuata. Katika shamba moja alikuwako bibi mzee juu ya dungu, akiamia ndege pamoja na mjukuu wake wa kiume. Niliwasalimu, "Mbukwenyi," wakaniitikia kwa salamu hiyo hiyo, na bibi akanikaribisha nikae kivulini. Haukupita muda mrefu kundi la ndege wadogo likatua kwenye kingo za shamba, kama kumi hivi, wakirukaruka chini ya mabua. Kijana akatia jiwe katika teo lake. Bibi akamkataza.

"Hao waache," alimwambia. "Hao ni wa chini. Wanaokota kilichokwisha anguka. Wewe watazame wa juu."

Kijana akalishusha teo. Mimi nilisogea taratibu, nikawaona waziwazi: mgongo wa rangi ya udongo, na kifua, mbavu na mkia wa samawati safi kama mbingu ya asubuhi baada ya mvua. Wawili kati yao walikuwa na doa jekundu shavuni. Nilimwuliza bibi kama wote ni wa namna moja. Akacheka. "Mwanangu, mbona una haraka? Ngoja wakae wawili wawili, ndipo utajua nani ni wa nani."

Maneno hayo mawili ya bibi, kwamba ndege hujulikana kwa kazi yake na kwa mwenziwe, nimeyafikiri mara nyingi tangu siku ile. Katika vitabu nilivyovisoma baadaye niliona wataalamu wa mbali wakiyakaribia polepole, kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili na sitini.

Ndege ninaowasema ni wa jamii moja lakini si wa namna moja. Kila mmoja ana urefu wa sentimita 12 au 13, na uzito wake ni kama gramu 10, yaani hauzidi uzito wa barua. Hupenda misitu mikavu ya migunga, vichaka vya miiba na viambo vya watu. Hula mbegu za nyasi, na mchwa wanapopatikana. Hujenga kiota cha nyasi mfano wa mpira, chenye mlango ubavuni, na mara nyingi hukiweka katika mti wa miiba karibu na kiota cha nyigu, ili nyigu wawe walinzi wasiolipwa. Huishi kwa kushirikiana: jozi hukaa pamoja, na wakati wa kiangazi jozi nyingi huungana kuwa kundi, wakachanganyika na ndege wengine wala mbegu penye maji.

Namna zake katika Tanzania ni tatu, na ishara za kuwatenga ni shavu, utosi na mdomo. Wa kwanza ni yule wa shavu jekundu. Dume lake lina doa la wekundu wa damu nyuma ya jicho, na utosi wake ni wa kahawia. Wa pili hana doa. Utosi wake pia ni wa kahawia, na mdomo wake ni wa kijivu kilichochanganyika na zambarau nyepesi. Wa tatu ni yule wa kichwa cha samawati. Dume lake ni samawati kichwani kote, tangu mdomo hata kisogo, na mdomo wake umekolea rangi ya waridi. Jike lake lina samawati usoni tu, lakini mdomo wake hufanana na wa mumewe, na kwa hiyo hajifichi sana.

Taabu yote iko kwa wale wawili wa kwanza. Jike la mwenye shavu jekundu halina doa jekundu. Basi likionekana peke yake, katika jua kali la saa sita au katika kivuli cha mgunga, ni rahisi kulidhania kuwa ni yule wa pili asiye na doa kabisa. Makinda nayo huongeza shida, maana rangi yao haijatulia. Mtu aliye na haraka atakosea. Mwenye subira atangoja mpaka mwenzi aje akae ubavuni. Dume lenye doa likitua karibu, wakapeana sauti na kuchomana manyoya kwa midomo, neno limekwisha. Ndege huyu hutambulikana katika ndoa yake kuliko katika upweke wake.

Sasa tutazame jinsi alivyoingia vitabuni. Mwaka 1750 Mwingereza George Edwards, mchoraji na mwandishi wa mambo ya ndege, alitoa picha na maelezo ya ndege huyu wa pili, kutokana na ndege hai aliyewaona huko London. Aliambiwa kwamba walitoka Angola, wakapitia Ureno. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi, yule aliyeweka desturi ya kumpa kila kiumbe jina la Kilatini la maneno mawili, alimtumia Edwards kuwa shahidi wake, akamwita ndege huyo wa Angola. Kwa hiyo tangu mwanzo jina lake lilitokana na habari za wachuuzi na bandari. Safari hii habari hizo zilikuwa kweli, maana ndege huyo yuko Angola. Lakini yuko pia Zambia, Afrika Kusini, Tanzania na penginepo pengi.

Yule wa shavu jekundu hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1760 Mfaransa Mathurin Jacques Brisson alimweleza katika kitabu chake kikubwa cha ndege, kwa ndege mmoja aliyedhani ametoka Bengali katika Bara Hindi. Akamwita Bengali. Linnaeus alipotoa chapa ya 12 ya kitabu chake mwaka 1766 aliingiza ndege wengi wa Brisson, na huyu akawa mmoja wao, akathibitishwa kwa jina la Bengali. Ukweli ni kwamba ndege huyu hajapata kuishi Bengali. Nchi zake zinaanzia Senegali, zikavuka Afrika mpaka upande wetu wa mashariki, zikashuka hata Zambia.

Mtu atauliza: kosa kubwa namna hii lilipatikanaje? Sababu yake inaeleweka. Merikebu zilizorudi Ulaya kutoka Bara Hindi zilitia nanga katika pwani za Afrika kupata maji na chakula. Mabaharia walinunua ndege wazuri wa kuuza kwao. Merikebu ilipofika bandarini, kila kilichokuwa ndani kiliitwa cha Bara Hindi, kwa kuwa merikebu yenyewe ilitoka huko. Wala si ndege huyu peke yake aliyepatwa na jambo hilo. Kweleakwelea, adui mkubwa wa mashamba yetu ya mtama, alipewa jina na Linnaeus mwaka 1758, na kwake pia iliandikwa kwamba ni ndege wa Bara Hindi. Wakulima wa Ugogo wangalifurahi sana kama maneno hayo yangalikuwa kweli!

Karne nzima ikapita. Misafara ya pembe ikawa yatoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikaingia Ugogo ikilipa hongo na kutafuta maji, ikaendelea Tabora na Ujiji. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Ugogo katika maandishi yao ni nchi ya ukame, miiba na madai ya watemi. Mwenye kiu hana nafasi ya kumtazama ndege wa gramu 10. Baadaye, Wajerumani walipoitawala nchi, ngozi za ndege zikaanza kupelekwa Berlin kwa wingi, na huko alikuwako Anton Reichenow, mtaalamu aliyetoa kitabu kikubwa juu ya ndege wa Afrika kati ya 1900 na 1905.

Lakini ndege wa tatu, mwenye kichwa cha samawati, hakutambuliwa Berlin. Alitambuliwa Washington. Mwaka 1897 Charles Wallace Richmond, mtunzaji wa ndege katika makumbusho ya taifa ya Marekani, alimweleza kwa mara ya kwanza kutokana na ndege waliokusanywa upande wa Kilimanjaro na Mmarekani mwenziwe, William Louis Abbott. Jina alilompa maana yake ni mwenye kichwa cha samawati. Katika majina yote matatu hili ndilo pekee lililotoka katika mwili wa ndege mwenyewe. Yale mawili mengine yalitoka katika sanduku la mizigo. Na ndilo pekee linalomsaidia mtazamaji, kwa kuwa humwambia mahali pa kuelekeza macho.

Ndipo ikaja zamu ya Ugogo. Mwaka 1911 Reichenow aliona kwamba ndege wa shavu jekundu wa nchi zetu hawakulingana sawasawa na ndugu zao wa Afrika ya Magharibi. Akawatenga kuwa tawi la namna hiyo, na tawi hilo akaliita kwa jina la Ugogo lililovikwa umbo la Kilatini. Wakati huo reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilikuwa imekwisha pita Dodoma ikielekea Tabora. Kwa hiyo ndege wa kingo za shamba la Chamwino, akiitwa kwa jina lake kamili la kitaalamu, ni wa Bengali kwanza, na wa Ugogo baadaye. Jina lake limebeba kosa la 1760 na masahihisho ya 1911 pamoja, mfano wa kanzu iliyotiwa kiraka bila kufuliwa.

Sheria ya wataalamu husema kwamba jina lililotangulia kutolewa kwa utaratibu halibadilishwi kwa sababu ya kukosea mahali. Sheria hiyo ina busara yake. Majina yangalibadilishwa kila kosa linapovumbuliwa, mtu wa leo asingalielewa kitabu cha jana, wala wa Japani asingalielewana na wa Tanzania. Sitaki basi nihesabiwe miongoni mwa wale wanaodai Bengali ifutwe. Ninachosema ni kwamba jina ni kumbukumbu ya mahali alipokuwa amesimama mtoaji jina. Brisson alisimama mbele ya ndege mmoja aliyekwisha kufa, asiye na mwenzi, asiye na udongo chini ya miguu yake. Na mtu aliyesimama hapo hawezi kuona zaidi ya manyoya.

Kwa muda mrefu baada ya hayo, ndege hawa walijulikana ng'ambo kwa njia ya tundu. Biashara ya ndege hai wa mwituni ilikuwa kubwa, na Senegali na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza wengi kupita nyingine. Mwaka 2005 nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia kuingizwa kwa ndege wa mwituni kwa kuogopa mafua ya ndege, na mwaka 2007 zikafanya zuio hilo kuwa la kudumu. Tanzania nayo ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Lakini ndege waliozaliwa katika matundu ya ng'ambo waliendelea kuwako, na mmoja wa uvumbuzi mzuri kabisa juu yao ulitoka huko.

Mwaka 2015 wataalamu Nao Ota, Manfred Gahr na Masayo Soma walitangaza walichokiona kwa ndege wa kichwa cha samawati. Ilijulikana tangu zamani kwamba ndege huyu, akitaka kumpendeza mwenziwe, hushika jani la nyasi mdomoni, akaruka juu na chini papo hapo na kuimba. Wataalamu hao walimpiga picha kwa kamera ichukuayo picha 300 kwa sekunde moja. Wakaona kwamba katika kila mruko miguu yake hupiga ubao wa kutulia mara kadhaa, upesi kiasi ambacho jicho la mtu haliwezi kufuata. Ni ngoma ya miguu. Tena dume huimba na kucheza, na jike huimba na kucheza, wote wawili kwa kujibizana, na huongeza juhudi wanapokuwa wamekaa ubao mmoja.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka bibi wa Chamwino. Ukoo wa ndege hawa uko katika nchi ambayo wanawake wake hupiga muheme, ngoma inayohitaji mkono, mguu na sauti kwenda pamoja. Lakini hatua za ngoma yao zilihesabiwa Japani na Ujerumani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ndege huyu amecheza kwao miaka isiyohesabika, akatunzwa ugenini. Hata hivyo kanuni iliyowaongoza wataalamu wale ni ile ile ya bibi: walimtazama ndege akiwa hai, akiwa na mwenzi, akifanya kazi yake. Walipofanya hivyo ndege aliwaonyesha jambo ambalo maelfu ya ngozi katika masanduku ya makumbusho hayakupata kulionyesha.

Sasa nije kwenye lile kosa linaloua. Mkoa wa Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, kwa kawaida milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Mtama na uwele ndio nafaka zinazovumilia hali hiyo, na hao hao ndio chakula kinachopendwa na kweleakwelea. Ndege mmoja hukadiriwa kula gramu 10 kwa siku. Lakini haji mmoja. Huja kwa maelfu na kwa mamilioni, wakiruka kama moshi uliosukumwa na upepo, na familia inaweza kulala na shamba na kuamka na mabua. Mtu asiyewahi kuliona jambo hilo asimlaumu mkulima anayeomba msaada.

Msaada huo mara nyingi umekuwa ndege ya kunyunyizia sumu. Malazi ya kweleakwelea hutafutwa, na jua linapotua, wanaporudi kulala, sumu aina ya fenthioni humwagwa juu yao. Sumu haiulizi nani ana mdomo mwekundu na nani ana shavu jekundu. Ndege yeyote aliyelala katika kichaka hicho hufa, na bundi au mwewe aokotaye mizoga huweza kufa naye. Kutoka juu, wakati wa magharibi, ndege wote wadogo ni kundi moja. Hapo ndipo ninapoliona kosa la Brisson likirudi kwa sura nyingine: kumhukumu kiumbe pasipo kusimama mahali anapoishi. La kwanza lilimpa ndege jina la uongo, na hakulisikia. Hili la pili analisikia.

Sisemi kwamba mashamba yaachwe yaliwe. Ziko njia zinazoruhusu kutambua. Katika wilaya ya Kondoa, mkoa huu huu wa Dodoma, wako watu ambao tangu zamani hutega kweleakwelea na kuwafanya kitoweo. Mtegaji akikuta wa samawati mtegoni, anaye mkononi, amwona, na anaweza kufungua kiganja. Wataalamu wa kilimo wamekwisha fanya uchunguzi juu ya mitego ya namna hiyo, kwa kuwa hupunguza adui na kuongeza chakula bila kuacha sumu majini na ardhini. Haitatosha kila mahali, wala kwa kundi la mamilioni. Lakini pale inapotosha ni bora itangulie, na ndege ya sumu ije mwisho, baada ya mtu aliyekwenda kwa miguu kutazama ni nani hasa waliolala katika kichaka hicho.

Na mtu huyo atahitaji majina. Majina ya kitaalamu tunayo, pamoja na makosa yake. Majina ya Kigogo, ya Kirangi na ya Kisandawe yamo vinywani mwa watu waliolala madunguni utotoni mwao, na vijana wa leo wengi hawalindi mashamba kwa kuwa wako shuleni, jambo ambalo ni jema. Wanafunzi wetu wa Kiswahili wakienda nyumbani likizo na daftari, wakakaa na wazee wao asubuhi chache, wataweza kuandika jina, wimbo, kazi na makao ya kila ndege jinsi mwenyeji anavyomtofautisha na mwingine. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Yataka subira, na kukubali kufundishwa na mtu asiye na shahada.

Siku ile ya Chamwino nilikaa mpaka jua likaanza kupinda. Wale ndege kumi walikwenda wakarudi mara mbili. Mwishoni walitua juu ya mwiba mmoja, wawili wawili, na ndipo nilipoweza kuhesabu: jozi nne za shavu jekundu, na jozi moja isiyo na doa, ambayo saa nzima nilikuwa nimeihesabu miongoni mwa majike. Nilimwambia bibi kwamba kweli walikuwa wa namna mbili. Hakushangaa. Alikuwa anatazama juu, upande wa magharibi, kama kuna moshi unaokuja.